Ndugu wawili wakizunguka nyumba

Mpendwa Salum,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi hapa Charlotte, Marekani, tu wazima, baridi ndiyo inaanza.

Uliniuliza huyo mpiga banjo, ile ala ya nyuzi yenye tumbo kama ngoma, kwenye wimbo niliokutumia ana vidole vingapi. Anatumia vitatu tu: gumba, cha shahada na cha kati. Ni Earl Scruggs, na Jumamosi nilikwenda Shelby, kwenye makumbusho yake yaliyofunguliwa 2014 katika mahakama ya zamani.

Alizaliwa 1924 jirani na hapo, Flint Hill, kwa wakulima. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 4. Alipofika 10 hivi, aligombana na kaka yake Horace, akaingia chumbani na banjo, mawazo yakiwa mbali. Kuja kushtuka, vidole vitatu vinacheza! Kulikuwa na wengine sehemu zile waliopiga hivyo, ila nuti zao hazikumiminika kama zake.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nikuandikie. Earl na Horace walikuwa wakianza wimbo pamoja uani, huyu anashika kulia, yule kushoto, wanaizunguka nyumba huku wanapiga. Wakikutana upande wa pili, wanasikiliza: bado tuko pamoja, au mmoja amekimbiza mdundo? Nikakukumbuka wewe na Juma barazani na magitaa yenu, Juma anakimbiza, wewe unamwita arudi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Earl alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi, halafu Desemba 1945 akaingia bendi ya mwimbaji Bill Monroe. Hapo ndipo blugrasi, aina ya muziki wa kantri wa Marekani, ilipopata sauti yake. Mwaka 1948 akatoka, akaunda bendi na Lester Flatt, wakadumu hadi 1969. Louise, mke wa Earl, ndiye aliyesimamia kazi zote. Mwaka huo huo wa 1969 Earl alikwenda Washington kuwapigia waliopinga vita vya Vietnam, jambo ambalo wanamuziki wenzake wa kantri wengi hawakuthubutu. Nampenda zaidi kwa hilo. Alifariki 2012, ana miaka 88.

Na banjo yenyewe ni yetu, Salum. Asili yake waliivusha bahari watu wa Afrika Magharibi waliopelekwa utumwani.

Mchukue Juma jioni moja, mzunguke nyumba ya mama. Mkikutana kule jikoni, nipigie simu uniambie.

Wako,
Hamisi