Alipanda au hakupanda

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na pole na mitihani. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kila tukilianza jambo hili kwenye simu ama salio linakwisha ama mimi mwenyewe naishiwa maneno, nawe unabaki kuita, "Baba, upo?" Nipo.

Kwenye matanga ya bibi yako uliwasikia shangazi zako wakirushiana maneno jikoni. Mmoja alisema, "Alipanda." Mwingine akasema, "Hakupanda, na usilirudie neno hilo ndani ya nyumba ya mama." Ukaja kuniuliza nani alipanda nini, nami nikakutuma ukawachotee wageni maji ya kunawa. Basi leo wageni wameshanawa na wameshaondoka.

Walikuwa wakimzungumzia dada yao, yule wa kwenye picha iliyokuwa kabatini kwa bibi, aliyejifunga kitambaa kichwani na kucheka huku amefumba macho. Na kilichopandwa, au kisichopandwa, ni MV Bukoba. Shuleni mliisoma kwa mistari miwili: ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kuja Mwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nimetumwa bandarini kumpokea shangazi yako asubuhi ile.

Nikwambie kwanza alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo mengine hutayaelewa. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alizunguka vijijini, Kamachumu na kwingineko, akinunua mikungu mmoja mmoja na kubishana na kila mwenye shamba, kisha akaikusanya Kemondo ambako meli ilipita kupakia. Mwanza alikuwa na wateja wake. Kila mkungu aliutia alama ya kamba ya mgomba kwa fundo lake mwenyewe, na wapagazi walilijua fundo lile na kuliogopa. Hela ya kusafiri daraja la pili alikuwa nayo, lakini hakuwahi kuitoa. "Nilipie kitanda," alisema, "halafu nani alale na ndizi zangu?" Alisafiri daraja la tatu, akakesha karibu na mzigo wake, na asubuhi akashuka Mwanza akiwa wa kwanza kugombana na mtu. Kwangu alileta kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani, na maneno makali kuhusu nywele zangu.

Vijana wa sasa huniuliza kwa nini watu hawakupanda basi. Barabara ya kupitia Biharamulo siku zile haikuwa barabara ya kumwambia mtu "tutaonana kesho". Mvua ikinyesha, gari lililala njiani na abiria wake. Meli uliipanda jioni, ukalala, ukaamkia Mwanza. Wahaya wa Mwanza tulikuwa tunaishi kwa meli ile: barua, ndizi, mwanafunzi anayerudi shule, hata maiti anayerudishwa kwao akazikwe kibanjani, kwenye shamba la nyumbani.

Ilikuwa Jumanne. Nilifika bandarini mapema na mkokoteni wa kuazima. Palikuwa na watu wengi wa kupokea wageni, wamekaa juu ya magunia, wengine wanakunywa chai. Meli kuchelewa halikuwa jambo la kumshtua mtu, kwa hiyo kwa muda mrefu tulikuwa tunalalamika tu. Hakuna aliyekuja kututangazia. Kilichobadilika ni kwamba watu wa ofisini waliacha kututazama machoni. Kisha boti moja ikaondoka kwa haraka, ikafuata nyingine, na mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi akafunika beseni lake, akasimama. Neno "imepinduka" nililisikia kwa mtu aliyekuwa anamwambia mtu mwingine. Lilikuwa limeshafika kwa kila mtu kabla sijageuka kuuliza ni nini kimepinduka.

Ilipindukia karibu na Mwanza, asubuhi, wakati ambao abiria wengine walikuwa wameshafunga mizigo yao wakijiandaa kushuka. Hilo bibi yako hakulisamehe kamwe, kana kwamba ziwa lingewachukua usiku wa manane ingekuwa afadhali.

Yaliyofuata mengi nimeyasikia kama walivyoyasikia Watanzania wote, redioni. Simu za mkononi hazikuwapo kwa watu wa aina yetu. Tulikuwa jirani na ajali lakini tulisubiri taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam itwambie kilichotokea kwetu. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Meli ilikuwa imegeuka juu chini, tumbo likielea, na ndani mlikuwa na watu walio hai. Walisikika wakigonga. Waokoaji walilitoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaiinua meli ikatoka, maji yakaingia, ikazama yote. Baadaye walikuja wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini, wakashuka kutafuta miili. Mtu akinisimulia habari ya kule kutoboa, huwa natoka nje. Si kwamba nawahukumu waliotoboa. Ungesimama juu ya bati na kusikia mkono wa mtu unagonga chini ya miguu yako, nawe ungetafuta nyundo.

Miili ilipoanza kuletwa, tulikwenda kuitambua kwenye uwanja wa mpira. Sitakuandikia niliyoyaona pale. Nitakwambia tu kwamba nilikuwa natafuta kitambaa cha kichwa, kwa sababu nyuso zilikuwa hazisaidii tena, na kwamba watu tuliokuwa hatujuani tulikuwa tunaulizana kwa adabu kubwa, kama tulio msikitini au kanisani: "Samahani, wako alivaa nini?" Mwanamume mmoja alimtambua mkewe kwa mshono wa blauzi, maana aliishona yeye mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani. Alisimama akiushika ule mshono na kutueleza kwa nini alitumia uzi wa rangi tofauti. Tulimsikiliza mpaka akamaliza.

Shangazi yako hatukumpata. Wengi hawakupatikana, na waliopatikana wasitambuliwe wakazikwa pamoja Igoma.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi uliousikia jikoni. Ungedhani ni jambo rahisi: nenda ofisini, tazama orodha ya abiria, jina lipo au halipo. Nilikwenda. Orodha ilikuwapo, ya daraja la kwanza na la pili, majina 443. Meli yenyewe ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, kwa hiyo kabla hujamhesabu hata mtu mmoja wa daraja la tatu ilikuwa imeshapita kiasi. Na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ulinunua tiketi, ukaingia, basi. Karani niliyemkuta hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha karatasi, akaigeuza nyuma kunionyesha kwamba hakuna kingine, akasema, "Kijana, wa daraja la tatu hawaandikwi."

Ndiyo maana mpaka leo hesabu ya waliokufa inasomeka tofauti kila unapoisoma. Utakuta zaidi ya 500, utakuta 800, utakuta karibu 1,000. Waliookoka ni kidogo zaidi ya 100. Pengo lililopo kati ya namba hizo si kosa la hesabu. Ni wauza ndizi, ni wanafunzi, ni mama aliyepanda na mtoto mgongoni akamlipia nusu nauli au asimlipie kabisa. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga, kesi ikapelekwa mahakamani. Sikuifuatilia sana. Jaji angeweza kusema nani alizembea, lakini asingeweza kumwambia bibi yako kama binti yake alikuwamo.

Na kulikuwa na sababu ya kuuliza. Miongoni mwa waliookoka alikuwamo mchuuzi mmoja wa Kemondo. Alitwambia alimwona shangazi yako gatini jioni ile akigombana na wapagazi. Walitaka kupakia mikungu yake chini ya mizigo ya watu wengine, naye hakutaka isagike. Meli ilikuwa imejaa mno, alisema, na watu wengine waliamua kurudi nyumbani wasubiri safari nyingine. Je, baada ya ugomvi alipanda? Hakuona. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mguu wake mwenyewe.

Shangazi yako mkubwa aliushika ugomvi ule na hajauachia hadi leo. Alikasirika akaondoka, anasema, unamjua alivyokuwa. Halafu pakatokea mtu wa kusema amemwona Mutukula, anauza nguo upande wa Uganda. Akatokea mwingine wa kusema ni kweli, amenenepa. Bibi yako akamtuma baba yako mdogo aende na picha. Alikaa mpakani akiwaonyesha watu, wakimtazama kwa huruma; mmoja akamwambia kwamba si yeye wa kwanza kuja pale na picha. Aliporudi hakusema hayupo. Alisema hakumkuta. Kwa maneno hayo bibi yako aliishi miaka yake yote iliyobaki.

Hatukukaa matanga. Wazee walishauri zizikwe nguo zake kibanjani, kando ya babu, mambo yaishe. Bibi akazifua zile nguo, akazikunja, akazirudisha sandukuni. Na kila Novemba, parokia ilipogawa bahasha za kuandikia majina ya marehemu wa familia waombewe, niliketi mimi na kalamu, bibi akinitajia: babu, kaka zake, mtoto aliyefia tumboni mwaka wa njaa. Nikifika mwisho nilinyamaza kidogo. Alisema, "Funga bahasha." Shangazi yako alimwombea peke yake, kwa nia ya wasafiri.

Wewe mwenyewe una umri wa kukumbuka kupinduka kwa MV Nyerere, kivuko cha ziwa lile lile. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, ikitoka Bugorora kwenda Ukara, imekaribia kabisa kutia nanga. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walitangazwa kuwa 228. Ulinipigia simu kunipa pole kwa sababu ulinijua nina hofu na maji. Sikukwambia kilichokuwa kinanishughulisha. Nilikuwa nimesikia kwamba idadi ya waliopanda haijulikani, kwa kuwa mkata tiketi amekufa na mashine yake imepotea majini. Miaka 22 ilikuwa imepita, simu mpaka mifukoni mwa watoto, na bado mtu wa kisiwani alikuwa anapanda chombo bila jina. Usiku ule bibi alinipigia kutoka Bukoba, akauliza swali moja tu: "Wamewaandika?"

Sasa mimi nasemaje. Shangazi zako wote wawili hawajawahi kuniuliza, labda kwa sababu nilikuwa mdogo, labda kwa sababu wanajua jibu langu. Mimi nasema alipanda. Sina tiketi wala shahidi. Lakini mikungu yake ilipakiwa. Huyo mchuuzi aliliona fundo la kamba juu ya mizigo wakati meli inaondoka, hilo aliliapia. Ina maana ule ugomvi alishinda yeye, ndizi zikawekwa juu. Na mwanamke yule, mwanangu, asingeziacha ndizi zake zisafiri peke yake mpaka Mwanza zikashushwe na watu asiowaamini, zipokelewe na mdogo wake asiyejua bei. Mutukula angefikia wapi?

Bibi alipokuwa hai sikuwahi kulisema hili, wala sioni kwamba nilipaswa kulisema. Tumaini lilikuwa lake, angelifanya atakavyo. Ila sasa bibi naye jina lake linaingia kwenye bahasha ya Novemba, na kalamu imebaki kwangu. Nimeamua kwamba chini ya jina la mama nitaliandika la binti yake. Pia nimezungumza na baba yako mdogo, na amekubali kwamba nguo zilizomo sandukuni zizikwe Desemba tutakapokutana wote nyumbani.

Shangazi yako mkubwa bado hajaambiwa. Kwa hilo nakuhitaji. Mimi nikimwambia atalia, atanikumbusha kwamba nilikuwa mtoto wa mkokoteni, na mazungumzo yataishia hapo. Wewe anakusikiliza, tena ukimsomea barua hii yote badala ya kumpa muhtasari huenda akakaa mpaka mwisho. Ukifunga chuo pitia Mwanza kwanza, twende pamoja kwa basi. Siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Ile picha iliyokuwa kabatini nasikia umeichukua wewe. Usiitoe kwenye fremu, njoo nayo hivyo hivyo.

Nauli nitakutumia Ijumaa nikipokea. Wasalimie wenzako.

Baba yako.