Miti Iliyokwisha Kupandwa: Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Sisi wanachama wa Klabu ya Mazingira tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua mafaili mezani kwako hayaishi, na bado umekuja kushika jembe pamoja nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya muda mfupi utatuongoza kupanda miche. Lakini risala yetu haihusu sana miche ya leo. Inahusu miti ambayo tayari ipo kandokando ya barabara, kwenye bustani za umma, mbele ya zahanati na hapa getini kwetu. Hiyo ni mali ya umma kama yalivyo mabomba ya maji na taa za barabarani, na mwenye dhamana nayo ni halmashauri. Barabara huanza kuchakaa siku inapofunguliwa. Mti uliotunzwa hupanda thamani kila mwaka, kwa sababu kivuli chake kinapanuka na maji ya mvua unayoyazuia yasijae mitaroni yanaongezeka.

Kabla ya kuandika maneno haya tulipita barabara ya mbele ya shule, tukakagua mti mmoja baada ya mwingine. Kuna mti mmoja, unene wake kama mkono wa mtu mzima, ambao bado una waya uliofungiwa kwenye kigingi siku ulipopandwa. Hakuna aliyerudi kuufungua. Gome limeumeza waya pande zote, na shina limevimba juu ya ule mfungo huku chini likibaki jembamba. Mapema, koleo ya kukatia waya ingeimaliza kazi hiyo kwa nusu dakika. Sasa kipande kilichozama hakitoki tena. Mti huo ulipandwa kwa hotuba na makofi. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi.

Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie kidogo kuhusu mti wa getini, maana unatuuma. Walikuja mafundi na msumeno wa mashine, wakakata kilele chote wakabakiza shina na visiki vya matawi. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama. Leo umejaa matawi mapya, na mtu akiutazama kutoka mbali atasema umepona. Ukisogea karibu unaona kila kisiki kimeoza katikati, na machipukizi yote yameota pembeni mwa uozo huo. Tawi lililokua na mti tangu mwanzo limeshikwa na tabaka za mbao zilizoongezeka mwaka hadi mwaka. Chipukizi la namna hii limeshikilia juujuu tu, nalo hurefuka haraka mno. Upepo mkali ukija ndilo linaloanguka. Kwa hiyo mti uliokatwa kilele ili uwe salama umekuwa wa hatari kuliko ulivyokuwa, na chini yake ndipo wadogo zetu wa darasa la kwanza wanaposubiri wazazi wao.

Kupogoa ni ufundi. Mahali tawi linapoungana na shina pana uvimbe mdogo kama mkunjo wa shingo. Msumeno unatakiwa kupita nje kidogo ya uvimbe huo: usikwangue shina, wala usiache kisiki. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti kwa maelfu ili kuona ndani yake, akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Unajenga kuta kukizunguka ili uozo usisambae, kisha unakifunika kwa mbao mpya kutoka kwenye ule uvimbe. Ukiukata uvimbe, umeondoa kinga yenyewe. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakusaidii.

Mizizi nayo husahaulika kwa kuwa haionekani. Mingi iko ndani ya mita moja ya juu ya udongo na huenea kupita ncha za matawi. Anayechimba mtaro wa bomba au nyaya karibu na shina anaweza kukata hata nusu ya mizizi asubuhi moja, na mti unaweza kuchukua miaka kadhaa kukauka. Ukianguka, mtaro umekwisha kusahaulika na lawama zote zinaupata upepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, halmashauri haiwezi kutunza isichokijua. Jiji la New York lilihesabu miti yake ya barabarani mwaka 2015 na 2016 kwa msaada mkubwa wa wananchi waliojitolea, likapata zaidi ya 660,000, kila mmoja na mahali pake kwenye ramani. Jiji la Melbourne, Australia, liliipa miti yake namba na anwani za barua pepe ili watu waripoti matawi yaliyovunjika. Watu wakaanza kuiandikia miti barua za mapenzi. Rejista ya miti ya namna hiyo inaonyesha pia kama tumepanda aina moja kupita kiasi. Uingereza ilipoteza zaidi ya miti milioni 25 ya aina ya elm kwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1990 mtaalamu Frank Santamour alipendekeza mjini pasiwe na zaidi ya asilimia 10 ya miti ya spishi moja.

Na panapokuwa na sababu ya kukata, tuambiwe. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, maelfu ya miti ya barabarani ilikatwa chini ya mkataba wa matengenezo ya barabara ulioanza mwaka 2012. Wananchi walisimama chini ya miti kuizuia misumeno, wengine wakakamatwa. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2023 uliikosoa vikali halmashauri, nayo ikaomba radhi. Hatupingi kukata mti mbovu. Uyoga ukiota kwenye kitako cha shina, au udongo ukiinuka upande mmoja baada ya upepo, mtaalamu aitwe upesi na uamuzi wake ubandikwe pale pale kwenye mti, wananchi wausome kabla msumeno haujafika.

Ombi letu ni kwamba fungu la miti lisiishie kwenye miche. Litenge fedha za kumwagilia katika miaka mitatu ya mwanzo, kufungua waya na kupogoa mapema, wakati tawi bado ni la kukatwa kwa mkasi. Tunaomba kila mkandarasi atakayepewa msumeno awe na mtu aliyefunzwa kupogoa. Na tunaomba mti wa getini ukaguliwe kabla ya mvua.

Nasi hatukuja mikono mitupu. Daftari letu la miti ya barabara hii tunakukabidhi leo, na klabu itairudia orodha hiyo kila muhula. Miche ya leo imegawiwa kwa madarasa, na kila darasa lina zamu yake ya maji, hata wakati wa likizo. Waya za vigingi tutazilegeza wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.