Njoo kabla ya Agosti

Houston, 6 Julai

Mama Rehema, shoga yangu,

Salaam nyingi kwako na watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Pale uliposema mtaondoka Columbus, Ohio, mje huku Texas Desemba, moyo ulinilipuka. Nakusihi, usingoje Desemba.

Mtoto anayetegemea wazazi, ili alipe ada ya mkazi kwenye vyuo vya jimbo la Texas, mzazi wake lazima awe ameshafanya makazi hapa miezi 12 kamili kabla chuo hakijafunga hesabu ya wanafunzi. Kwa wanaoanza Agosti, hesabu hufungwa siku ya 12 ya masomo, mwanzoni mwa Septemba. Ukija Desemba, mwakani Rehema akianza chuo utakuwa na miezi minane na ushei. Na ada ya mgeni kwenye vyuo vikubwa vya huku inafika mara tatu ya ile ya mkazi!

Yalinikuta mimi. Tulihamia Novemba, Salum akaingia chuo Agosti iliyofuata. Nilikwenda ofisini pale chuoni na mkoba mzima wa karatasi. Binti wa pale akaweka kalamu kwenye tarehe ya mkataba wetu wa nyumba, akahesabu miezi kwa vidole mbele yangu, akaishia wa kumi. Mwaka ule pesa ya kiwanja cha Kibaha yote iliishia kwenye ada.

Basi tangulia wewe, mwezi huu huu. Rehema abaki kwa mama yake mdogo amalizie shule huko huko Ohio. Kinachohesabiwa ni makazi yako, si yake, mradi wewe ndiye unayemwandika kwenye kodi ya mapato kuwa anakutegemea. Kadi ya ukaazi wa kudumu unayo, huko huna shida.

Fikia kwangu, chumba kipo. Lakini usikae sana, maana unahitaji mkataba wa nyumba na bili ya umeme zenye jina lako. Leseni ya udereva ya Ohio ibadilishe ndani ya siku 90. Hata hivyo ushahidi mmoja mzito ni kazi: barua ya mwajiri inayoonyesha umefanya kazi hapa miezi 12 hiyo. Bili peke yake hazitoshi, zinaunga mkono tu.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wanatafuta watu wa zamu ya usiku. Nijibu leo, kesho asubuhi nimwone msimamizi.

Akupendaye,
Mama Salum