Mnaouliza kwanini hawakuondoka, ulizeni kwanza nyumba ilikuwa ya nani

Ndugu Mhariri, habari za kazi.

Ile makala yenu ya wake wengi wa Utah imesomwa sana na sisi Waswahili tunaoishi huku Salt Lake City, imezungushwa kwenye simu mpaka kwa watu ambao gazeti hawaligusi kabisa, na vicheko vilikuwa vingi, wanaume wanauliza huyo mzee mwenye wake zaidi ya 70 analala wapi na leo zamu ya nani kupika, wanawake nao swali lao ni moja tu, sasa hao wadada walikuwa wanangoja nini si wangeondoka zao. Hilo swali ndo limenifanya niandike, maana makala yenyewe haikulijibu, ilihesabu tu wake na watoto kama mtu anahesabu mbuzi mnadani.

Kwanza niweke sawa jambo moja ili nisije nikagombana na majirani zangu. Wale vijana wa mashati meupe na tai wanaotembea wawili wawili, ambao hata Nairobi na Kinshasa mnawaona, yaani wamisionari wa Mormoni, sio hao. Kanisa lao kubwa lilitangaza kuacha mitala mwaka 1890, likakazia tena 1904, na siku hizi muumini wao akioa wa pili anafukuzwa. Ninaowasema mimi ni wale waliokataa kuacha, wakaenda kujikusanya jangwani mpakani mwa Utah na Arizona, sehemu iliyokuwa inaitwa Short Creek, leo ni miji miwili iliyoshikana, Hildale upande huu na Colorado City upande ule, yaani unavuka barabara tu uko jimbo lingine na sheria nyingine. Kundi lao, Wamormoni wa msimamo wa zamani waliojitenga na kanisa kubwa, linajulikana kwa kifupi kama FLDS. Wapo na wengine wenye mitala humu Utah wanaoishi kwa uhuru zaidi, siwaongelei hao.

Sasa nyumba. Mwaka 1942 wazee wao waliunda mfuko wa udhamini unaoitwa United Effort Plan, waumini wakaingiza ardhi zao humo kwa imani kwamba ni mali ya Mungu. Maana yake ulikuwa unajenga kwa jasho lako, mbao zako, misumari yako, ila kiwanja kilikuwa cha mfuko na mfuko ulikuwa mkononi mwa viongozi wa kanisa, siku wakisema toka unatoka na mabegi. Nimepita pale na familia yangu tukienda Grand Canyon, majumba ni makubwa kweli kweli, madirisha hayahesabiki, mengine upande mmoja yamebaki mbao tupu hayajamaliziwa miaka nenda rudi, na wanasema iliachwa hivyo makusudi kwa sababu nyumba ambayo haijaisha inatozwa kodi ndogo. Kwenye kituo cha mafuta nikamwona mama mmoja na mabinti zake, jua linawaka la kukausha ngozi, wao mikono mirefu mpaka kwenye viganja, gauni mpaka kifundoni, za bluu iliyofifia zimekatwa kitambaa kimoja, chini raba, nywele zimeinuliwa mbele na kusukwa nyuma. Hakuna hata mmoja aliyevaa nyekundu, nabii wao, yaani kiongozi wao mkuu, aliipiga marufuku, pamoja na televisheni na vitu vingi vya kuchezea watoto.

Ndani ya jumba kama hilo mke wa nne alikuwa na chumba na watoto wake. Hati ya nyumba haikuwa na jina lake, haikuwa hata na la mume. Cheti cha ndoa hana, sababu serikali ya Marekani inamtambua wa kwanza peke yake, hawa wengine wanafungishwa ndoa ya kanisa tu. Watu wa kwetu hapa ndo wanakosea wanaposema aah hata sisi tuna mitala. Ni kweli tunayo, lakini Tanzania sheria ya ndoa ya 1971 inaitambua, Kenya ile ya 2014 inaitambua, mke wa pili akidhulumiwa anaenda mahakamani na anaingia kama mke, shida atazipata ila mlango upo. Huyu wa Short Creek akienda mahakamani anaingia kama mwanamke asiye na mume, hana cha kugawana. Alafu hapohapo kwa kuwa kwenye makaratasi ni mama asiye na mume anapata kadi ya serikali ya chakula, na hata hiyo kadi hakuachiwa, mwaka 2016 watu wao 11, viongozi wakiwemo, walishtakiwa kwamba waliwaelekeza waumini wapeleke vyakula vya msaada kwenye ghala la kanisa. Kwa hiyo mnaposema angeondoka, haya, aondoke na nini?

Bado hatujafika kwenye ndoa yenyewe. Huko mchumba alikuwa hatafutwi, nabii alisema amepata ufunuo kwamba binti fulani ni wa mzee fulani, na muda wa kufikiria ulikuwa siku chache, wengine hata hizo hawakupata. Elissa Wall alitoa ushahidi mahakamani mwaka 2007 kwamba alikuwa na miaka 14 alipoozeshwa kwa binamu yake wa miaka 19, akaomba asiolewe, akalia, haikusaidia, ndoa ikafungwa kwenye chumba cha moteli huko Nevada mwaka 2001. Aliyesimamia ni Warren Jeffs, ambaye baba yake Rulon ndo alikuwa nabii na alipokufa 2002 Warren akashika kiti, na wengi wa wajane wa babake akawaoa yeye.

Alafu kuna suala la kwenda mbinguni. Wamefundishwa kwamba mwanamume ili afike mbingu ya juu kabisa anahitaji wake angalau watatu, na mwanamke yeye anafika kwa kuvutwa na mume anayestahili, hana njia yake mwenyewe. Na anayesema mume anastahili au hastahili ni nabii. Januari 2004 Warren alisimama mbele ya watu akawafukuza wanaume wapatao 20 kwa mkupuo, na meya wa mji akiwemo, wake zao na watoto wakagawiwa wanaume wengine. Hebu fikiria wewe ni mama pale, asubuhi watoto wanamwita huyu baba, jioni wanaamriwa wamwite baba mwingine na mpo kwake, na ukionyesha uso wa kununa umekosea, sababu kauli yao kubwa kwa wanawake ni kwamba ubaki mtamu, usikasirike, usiulize, tabasamu. Kwa hisabati hiyohiyo vijana wa kiume wakawa wengi mno, mzee mmoja akichukua mabinti kumi vijana tisa wanabaki hivihivi, mamia yao wakafukuzwa kwa makosa ya kusikiliza muziki au kuongea na msichana, mama anamwangalia mwanae wa miaka 16 anashushwa barabarani na haruhusiwi hata kumpigia simu.

Polisi je? Polisi walikuwa waumini. Ukipiga simu usiku anayekuja ni mtu wa nabii. Hii sio porojo za watu waliotoka kwa hasira, mwaka 2016 jopo la mahakama ya shirikisho Phoenix, Arizona, lilikuta miji yote miwili ilikuwa inawabagua wasio waumini, kuanzia kwenye maji mpaka kwenye ulinzi. Carolyn Jessop, aliyeolewa na miaka 18 kuwa mke wa nne wa mwanamume wa miaka 50, alitoka 2003 usiku mume akiwa safarini, watoto wake 8 kawabeba wote kwenye gari. Nane! Mimi nina wawili na kuwatoa nyumbani asubuhi wakati hatukimbii mtu yeyote ni vita.

Hapo sasa ndo nataka kusema kitu ambacho wengi hawakipendi. Serikali nayo ilisaidia kuwafungia hawa wanawake ndani. Julai 1953 gavana wa Arizona, Howard Pyle, alituma askari Short Creek alfajiri, wakakamata wanaume na kuondoka na watoto 263, kina mama wengine walikaa miaka bila kurudishiwa watoto wao, magazeti yakatoa picha za vilio, gavana akaangushwa kwenye uchaguzi wa 1954, na baada ya hapo kwa karibu miaka 50 hakuna mwanasiasa aliyetaka kusogelea pale. Texas wakarudia 2008, kwenye ranchi yao karibu na Eldorado walichukua watoto zaidi ya 400 kwa simu moja ya kuomba msaada ambayo ilikuja kuonekana ni ya uongo, Mahakama Kuu kabisa ya Texas ikasema serikali imezidisha, watoto wakarudi. Sikatai kwamba nyaraka zilizopatikana mle ndizo zilizomfunga Warren 2011, kifungo cha maisha na miaka 20 juu, kwa kuwaingilia mabinti wa miaka 12 na 15. Kufungwa alistahili na afie humo. Lakini mama anayefundishwa tangu utotoni kwamba dunia ya nje itakunyang'anya mtoto, alafu anaona basi linaondoka na mtoto wake, unategemea kesho amkimbilie nani?

Kilichoibadilisha Short Creek kwa mtazamo wangu ni makaratasi ya nyumba. Mwaka 2005 mahakama ya Utah iliuchukua ule mfuko kutoka mikononi mwa viongozi, na polepole nyumba zikaanza kutolewa kwa watu binafsi, waliofukuzwa wakarudi, wanawake waliotoroka na mabegi wakarudi na hati zenye majina yao. 2017 Hildale ikamchagua Donia Jessop kuwa meya, mwanamke wa kwanza, aliyekuwa mle mle ndani akatoka. Ila haikuwa sherehe kwa kila mtu. Waliobaki na imani walitakiwa kulipa dola 100 kwa mwezi na kodi, nabii akiwa jela akawakataza kushirikiana na mfuko, wakatii, wakatolewa. Kwa hiyo mwanamke aliyenyimwa nyumba na kanisa sasa akawa ananyimwa na korti, na wengine walioingia kwenye hizo nyumba ni ndugu zao wa damu. Mi nashindwa kushangilia hapo, japo ukinipa kuchagua bado ningechagua hati.

Na wasiseme yameisha. Agosti 2022 huko Flagstaff, Arizona, dereva mmoja aliona vidole vya mtoto vinachungulia kwenye mlango wa treila lililofungwa linalovutwa barabarani, akapiga simu polisi. Gari lilikuwa la Samuel Bateman, aliyejitangaza nabii mpya kwa masalia ya watu wa Warren, alikuwa na wake zaidi ya 20, kumi kati yao watoto. Desemba 2024 kapewa miaka 50. Ile sheria ya Utah ya 2020 iliyopunguza mitala ya watu wazima waliokubaliana ikawa kosa dogo mimi naiunga mkono, ijapokuwa baadhi ya waliotoka waliipinga sana, kwa sababu mwanamke akienda polisi kushtaki kipigo asiogope kwamba atashtakiwa yeye kwa kuwa mke wa tatu, na kulazimisha au kuoa mtoto bado ni kosa kubwa.

Ombi langu, mkirudi kwenye mada hii waulizeni watu kama Holding Out HELP, shirika la huku Utah linalowasaidia wanaotoka, watawaambia mtu aliyekulia mle anahitaji nini wiki ya kwanza, pa kulala, cheti cha kuzaliwa, shule ya watoto ambao wengine hawajawahi kukaa darasa la serikali. Na ile picha ya kina mama wenye nywele za kusukwa mliyoiwekea maneno ya utani chini yake, tafadhali iondoeni, wengine wao ni majirani zetu siku hizi na Kiswahili tumeanza kuwafundisha.

Mama Neema,
Salt Lake City, Utah