Kozi ya kuwafundisha wapya namna ya kusoma chuo iwe na krediti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vilivyopo Dodoma. Mimi si mwalimu. Nina steshenari jirani na chuo kimoja hapa jijini, nachapa, natoa kopi na kubaindi, na kwa kuwa nasoma ninachochapa, najua mambo ya ndani kuliko wateja wangu wanavyodhani.

Anayetaka kuijua hali ya mwaka wa kwanza aje dukani asainimenti za vikundi zinapodaiwa. Anaingia kijana mmoja na flashi, macho mekundu kwa kukesha. Kazi ni kurasa nane, jalada lina majina kumi na namba za usajili. Nikiuliza wenzake wako wapi, anacheka. Wawili ndio walioandika, mmoja katoa hela ya kuchapa, waliobaki wanahesabika tu. Mara simu inaita: kuna wa kumi na moja, anaomba asisahauliwe. Nafungua faili, naongeza jina, biashara ni biashara. Ukurasa wa mwisho marejeo yamehamishwa kama yalivyo kutoka kazi ya mwaka jana, nayo niliichapa mimi.

Msiwaite wavivu haraka. Wengi hawajawahi kuelezwa kazi ya chuo inafanywaje. Sekondari kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na notsi ubaoni. Huku mhadhiri anasimama mbele ya mamia, anataja vitabu vitatu, anaondoka, na bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, nalo limeingia wiki hiyo hiyo. Vyuo vingi vinatoa alama 40 kwa kazi na majaribio ya ndani ya muhula, 60 kwa mtihani wa mwisho. Anayezinduka muhula unaelekea ukingoni anakuta zile 40 zimeshamponyoka, na hapo ndipo zinapoanza habari za supu (mitihani ya marudio) na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli).

Najua nitajibiwa kwamba wapya wana wiki ya maelekezo, wana DS (Development Studies) ya lazima na wana stadi za mawasiliano. Wiki ya maelekezo inamkuta mtoto anahangaika na usajili, chumba na godoro (bei ya godoro Dodoma msimu huo ni barua nyingine). DS ni somo zuri la maendeleo ya nchi, ila halimfundishi mtu kupanga wiki yake. Stadi za mawasiliano ndizo zinazokaribia, lakini ukizifundisha kwa ukumbi mzima zinageuka nadharia ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Ninachoomba ni kozi moja ya muhula wa kwanza, darasa la watu wasiozidi thelathini, yenye krediti na inayoingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama. Hilo la krediti nalisisitiza kwa sababu nawajua wateja wangu: kisicho na alama hawakigusi. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, kwa hiyo krediti 6 zinatupa saa 60. Si nyingi, ila zinatosha kumfundisha mtu kusoma makala ya kitaaluma, kuandika marejeo yake mwenyewe na kuigawa fedha ya Bodi ya Mikopo ifike mwisho wa muhula.

Wenzetu walishaanza zamani. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alichapa kwangu pendekezo la utafiti lililozungumzia Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani. Baada ya ghasia za wanafunzi za mwaka 1970, chuo kile kilianzisha mwaka 1972 kozi ya wapya iitwayo University 101, na hadi leo inafundishwa katika madarasa madogo. Chuo kilichoandamwa na wanafunzi wake kiliamua kukaa nao na kuwafundisha maisha ya chuo. Uamuzi huo niliupenda.

Kozi hiyo ifundishe na uongozi. Kwetu umeachiwa wanaogombea serikali ya wanafunzi. Msimu wa kampeni napata faida nzuri ya mabango, na kwa kuwa Bunge liko hapa hapa mjini, vijana wanawahi kujua kuitana Mheshimiwa. Lakini kazi ngumu ya uongozi ni ile ya kikundi cha asainimenti: kugawa sehemu, kumfuata asiyefanya, na ikibidi kumwondoa. Binti mmoja aliwahi kuniambia pale kwenye kompyuta, “Mama, hawa watatu toa.” Nikatoa. Kesho yake watatu hao walikuja kunigombeza mimi, na yeye hawakumgusa.

Kisha ifundishe kuishi na watu msiofanana. Tunajivunia umoja wetu, na ni haki yetu, ila tumeuamini mno hadi tunadhani haufundishwi. Angalia vikundi vinavyojiunda vyenyewe: waliosoma shule moja, wanaosali pamoja, waliotoka mkoa mmoja. Kiziwi anapangwa mwisho, pakibaki nafasi. Mteja wangu mmoja asiyeona alinieleza kwamba wenzake humtumia picha za kurasa, ilhali programu ya kompyuta yake husoma maandishi na picha za namna hiyo inaziruka. Kumchapia ni kazi ya muda mfupi. Darasa zima halikujua, na hakuna aliyemuuliza. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tuna shule ya wasioona pale Buigiri, wilayani Chamwino. Dodoma hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili.

Na sisi Wagogo bado tunapigwa ule mzaha wa kuitwa ombaomba, tena na vijana ambao hawajui Kondoa iko upande gani. Utani wa makabila una wenyewe na mipaka yake. Huu mwingine ni dharau, na mtoto wa Kigogo aliyemo darasani anacheka nao ili yaishe.

Walimu wa kozi hiyo wapo. Wahadhiri wasaidizi wachukue madarasa, na kila darasa lipewe mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeandaliwa na anayelipwa posho kidogo. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vilianza mwaka 2007, bado ni vyuo vichanga vinavyoweza kugeuza ratiba. Chuo cha Mipango na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) wana vijana wa cheti na diploma wanaohitaji kozi hii kuliko hata wa shahada. Chuo kimoja kijaribu kwa ndaki au idara moja mwaka wa masomo ujao. Muhula ukiisha, kilinganishe supu za walioisoma kozi hiyo na za wasioisoma, kisha kitutangazie matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Mama Steshenari,
Dodoma