Babu Mwitaliano: tuanze na jina la mji

Wengi wanaotujia kutafuta jamaa zao wa Italia huanza hivi: "Babu yetu alikuwa Mwitaliano, aliitwa Giuseppe." Mara nyingi ni jambo ambalo nyumbani halikuzungumzwa kwa miaka mingi, na tunalipokea kwa heshima. Lakini Giuseppe huko ni wengi kama Juma huku. Tunachokihitaji kwanza ni mji aliozaliwa.

Vizazi, ndoa na vifo Italia huandikwa na kila mji, yaani comune, katika vitabu vyake. Sehemu za kusini zilianza zama za Napoleon, mwaka 1809. Kwingi kwengine ni 1866, na kabla ya hapo unategemea vitabu vya parokia. Vitabu vingi vya comune vimepigwa picha na kuwekwa bure kwenye Antenati, tovuti ya nyaraka za serikali ya Italia, ila navyo vimepangwa kwa mji. Usipoujua, huna pa kuanzia.

Kwa hiyo pekueni sanduku la bibi. Geuzeni picha za zamani: muhuri wa studio mara nyingi una jina la mji. Bahasha msizitupe. Kama mtoto alibatizwa misheni, ulizeni kitabu cha ubatizo kinasemaje kuhusu baba. Hata jina la utani lina habari: Giuseppe aliyeitwa Peppe huenda ni wa kusini, Beppe wa kaskazini au Toscana.

Mababu wengi tunaowatafuta walikuwa mateka wa vita, waliokamatwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941 na kuletwa Kenya. Ndio waliojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Kwa askari kuna njia nzuri sana. Jeshi lilimfungulia kila mmoja karatasi ya utumishi, foglio matricolare, ambayo huhifadhiwa katika nyaraka za serikali mkoani kwao. Humo mna majina ya wazazi, kimo, kazi yake, pengine hata siku aliyotekwa.

Kisha tunatafuta cheti cha kuzaliwa. Mwaka umeandikwa kwa maneno, mfano millenovecentododici, yaani 1912, kwa mwandiko wa wino uliolala. Sisi tunakimbilia pembeni mwa ukurasa, ambako karani aliongeza ndoa yake: alioa nani, mji gani, lini. Wakati mwingine tarehe hiyo ni ya kabla ya vita, na mteja hunyamaza. Hatumharakishi. Jina hilo la mke, ambalo Italia huandikwa kwa ukoo wa baba yake, ndilo linalotufikisha kwa watoto na wajukuu walio hai.

Barua ya kwanza kwao tunaiandika kwa Kiitaliano, fupi, pamoja na nakala ya picha. Tunasema wazi kwamba hatudai urithi, maana hilo ndilo huwatia watu hofu. Wasipojibu, tunangoja miezi kadhaa, tunaandika mara moja tu tena, basi. Kipimo cha DNA husaidia pale ambapo jina la baba halikuandikwa popote, mradi na wao wakubali kupima.

Kuhusu uraia wa Italia: sheria ya mwaka 2025 imebana sana, na kwa jumla haivuki babu au bibi, tena kwa masharti. Ubaba nao lazima uwe umetambuliwa kisheria. Hilo mpelekeeni wakili. Sisi tunatafuta watu.

Mkija, njooni na mzee anayekumbuka, hata kama anakumbuka kidogo. Kikao cha kwanza hatutozi.