Klachi ikiganda usikimbilie kushusha giaboksi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa magari msomaji aliuliza afanyeje, gari yake ilikaa muda mrefu na sasa klachi imeganda, akajibiwa apulizie oili mle ndani kwenye klachi na ikishindikana ashushe giaboksi anunue klachi nzima. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yangu. Jamani hapana.

Mimi nina Landrover 109, Series III ya petroli, aliyoiacha marehemu baba. Tuko Muheza, na gari ilikaa chini ya mwembe miaka mitatu, masika yote imekula mvua, kuku wanatagia nyuma. Lile tamasha la Landrover la Arusha, Oktoba 2024, ndo lilimpandisha mzuka mdogo wangu, akasema ya mzee nayo lazima itembee. Tukaweka betri, petroli mpya, ikawaka. Shida ikaja kwenye gia, ukikanyaga klachi pedali inashuka lakini gia inasaga tu haiingii, na ukizima ukaweka namba moja halafu ukapiga stata huku umekanyaga klachi mpaka mwisho, gari inaruka mbele kama mbuzi aliyemwagiwa maji ya moto.

Fundi wa kwanza hata bonet hakufungua, "shusha giaboksi." Anayeijua 109 anajua uzito wa hayo maneno, maana kule giaboksi haitokei chini, inatolewa kwa ndani, ufungue sakafu, ung'oe kasha lote la viti, na bolti zenyewe zimeota kutu mpaka vichwa vimekuwa mviringo. Bei aliyotaja sitaki hata kuiandika.

Tukaanza na mafuta, maana klachi hii inasukumwa na mafuta ya breki. Mafuta hayo yanavuta unyevu, yakikaa miaka yanaozesha raba na kula silinda, kwa hiyo inawezekana klachi haijaganda kabisa ila apa au loa (silinda ya juu kwenye pedali na ya chini kwenye klachi) ndo imekufa. Tulipotoa upepo yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyolala. Tukajaza mapya, pedali ikawa ngumu safi, haina usponji, na gia bado inasaga. Hapo ndo nikajua pleti imeshikana na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini.

Pleti ya klachi inabanwa katikati ya vyuma viwili na springi hazipumziki hata gari ikilala, sasa unyevu ukiingia chuma kinaota kutu na kutu inaing'ang'ania pleti kama gundi. Halafu Landrover hizi zina kitundu chini ya nyumba ya klachi cha kutolea majimaji, na kuna skrubu yake ya kuziba, unaifunga ukienda kuvuka mto wenye kina na ukishavuka unaitoa. Ya baba ilikuwa imefungwa, sijui mto gani alivuka mara ya mwisho. Nilipoifungua likadondoka tone, lingine, halafu kijiko kizima cha maji meusi yananuka oili kuukuu.

Sasa mtu anaambiwa aongeze oili mle! Pleti ikinywa oili klachi itaachia ndiyo, ila itateleza, ukifika mlima wa kwenda Amani injini inalia gari haiendi, na giaboksi utaishusha tu.

Sisi tuliwasha injini nusu saa mpaka joto likafika kwenye nyumba ya klachi, tukazima, tukachonga kabari ya mti tukaigongea kati ya pedali na kasha la kiti, klachi ikalala imekanyagwa. Siku ya kwanza kimya. Ya pili tukarudia, kimya. Jumapili asubuhi tukaisukuma hadi uwanja wa mpira hakuna mtu, nikaweka gia ndogo, ile ya nguvu yenye kirungu chekundu, na gia ya kawaida namba mbili, klachi nimekanyaga, nikapiga stata, ikaondoka nayo nikiwa nimekanyaga hivyo hivyo. Nikawa naongeza mafuta naachia ghafla, naongeza nagusa breki, mkono mmoja uko kwenye funguo maana huna njia nyingine ya kuisimamisha zaidi ya kuzima. Raundi ya nne nikasikia "ta!" kama tawi kavu, injini ikapaa sauti na gari ikasimama yenyewe katikati ya uwanja, klachi imeachia. Mdogo wangu alikimbia kuja kuangalia kimevunjika nini.

Siku mbili tatu ilitetemeka wakati wa kuondoka, kutu ikasagika, ikatulia. Siyo kila mara inafanikiwa, kuna pleti ambayo lainingi yake, ile ngozi ya kusugulia, inabanduka kabisa na hapo fundi atakuwa sahihi, ila jaribu kwanza.

Kitu kimoja naomba mkiandike kwa herufi kubwa. Kuna wanaopiga jeki nyuma, wanawasha gari ikiwa na gia matairi yanazunguka hewani, halafu wanagusa breki ili klachi iachie. Kwenye 109 ukiweka gia ndogo tairi za mbele nazo zinavuta, yaani itajivuta yenyewe itoke kwenye jeki. Na hendibreki yake usiiamini, haishiki tairi, inashika propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, ukinyanyua tairi moja ya nyuma difu (gia za katikati ya ekseli) inaliacha lizunguke na gari inaweza kuondoka hata kama hendibreki umevuta mpaka mwisho. Weka mawe, na usilale chini yake.

Kama unajua gari italala miezi, weka kabari ya pedali mapema. Matrekta mengine ya Kubota yana kabisa kikulabu cha kufungia pedali ya klachi yakiwekwa stoo, wenzetu waliliona hili zamani.

Basi yule msomaji kama bado hajapulizia hiyo oili mwambieni asubiri, akate kwanza kipande cha mti.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga